Helikopta ya wagonjwa Mtwara na Lindi: kabla ya kuidai, tuulize nani atakuwa na haki ya kusema "leo haturuki"

Mwana Shangani (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Mvua ikikata barabara ya Dar, au mama mjamzito akifia njiani akitolewa Liwale, watu wetu wa kusini husema lile lile: tupewe helikopta ya wagonjwa. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ikakatika upande wa Kilwa, hata mimi nilitamani iwepo moja imeegeshwa Mtwara. Bado naitamani. Lakini kipindi cha utafutaji wa gesi baharini nilifanya kazi uwanjani, chini ya helikopta: kujaza mafuta, kupakia, kupokea abiria. Niliyoyaona pale, na niliyoendelea kuyasoma baadaye, yananifanya niombe tuongelee usalama kwanza, tena kwa kina. Mgonjwa anayepandishwa humo akiwa hajitambui hana nafasi ya kuuliza chochote. Inabidi sisi tumuulizie mapema.

Nitatumia takwimu za Marekani, kwa sababu wao ndio wenye helikopta nyingi za wagonjwa na kila ajali wanaiandika. Susan Baker wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na wenzake walipitia ajali 182 za helikopta hizi, kuanzia 1983 hadi Aprili 2005. Zilikufa roho 184. Kwa jumla asilimia 39 ya ajali ziliua mtu. Sasa tazameni mgawanyo. Zilizotokea gizani, asilimia 56 ziliua. Zilizotokea mchana, asilimia 24. Zilizotokea kwenye hali mbaya ya hewa, asilimia 77 ziliua. Kwenye hewa nzuri, 31. Rubani akiwa haoni nje, ajali ikitokea mara nyingi ni ya kuua.

Bodi yao ya usalama wa usafiri, NTSB, nayo ilichunguza ajali 55 za ndege na helikopta za wagonjwa zilizotokea kati ya Januari 2002 na Januari 2005. Vifo 54. Katika ajali 35 kati ya hizo 55, mgonjwa hakuwemo ndani. Chombo kilikuwa kinakwenda kumchukua, au kimeshamshusha kinarudi kituoni. Kanuni za wakati ule zilimlegezea rubani masharti ya hali ya hewa na ya saa za kupumzika pale asipokuwa na mgonjwa, ilhali nesi na mhudumu wamekaa nyuma yake na wana watoto nyumbani kama yeye.

Mwaka 2008 mambo yakawa mabaya zaidi, walikufa zaidi ya watu 20 ndani ya mwaka mmoja. Septemba 27 ya mwaka huo helikopta ya polisi wa Maryland iliyobeba majeruhi 2 wa ajali ya gari ilianguka kwenye ukungu usiku, ikitafuta njia ya kutua. Kati ya watu 5 alipona mmoja, majeruhi. Ilibidi ifike 2014 ndipo mamlaka yao ya anga ikatoa kanuni mpya: safari yoyote yenye mhudumu wa afya ndani ifuate masharti makali, hatari zipimwe kabla ya kuruka, na helikopta iwe na kifaa cha kumwonya rubani kwamba ardhi au mlima uko karibu.

Hao wana fedha, rada na vituo vya hali ya hewa kila mahali. Sisi tukiletewa helikopta kesho, tunaanza na nini mkononi? Karibuni tujadili.

Kijana wa Chikongola

Mkuu, heshima yako, lakini takwimu za Wamarekani zinatuhusu nini? Huku mtu anakufa kwa sababu hakuna usafiri kabisa. Ukihesabu waliokufa kusini kwa kukosa chopa, wataizidi hiyo 184 mara nyingi. Tukianza kuogopa kabla hatujapewa, watapewa wengine.

Mzee wa Nangurukuru

Kijana, hata tusipokwenda Marekani, mifano ipo kwetu. Oktoba 2015 helikopta ilianguka ndani ya Pori la Akiba la Selous, akafa mbunge wa Ludewa Deo Filikunjombe pamoja na rubani na wenzao. Na mkesha wa Krismasi 2025 ikaanguka nyingine Kilimanjaro, upande wa kambi ya Barafu. Hiyo ilikuwa imekwenda kuchukua wagonjwa mlimani. Watu 5, daktari akiwemo, hakupona hata mmoja. Mleta mada aachwe aongee.

Mwana Shangani

Ahsante mzee wangu.

Kijana wa Chikongola, hoja yako ni nzito na siipuuzi. Nijibu kwa mfano wa nyumbani. Aliyewahi kulala Newala anajua. Mji umekaa ukingoni mwa uwanda wa Makonde, zaidi ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, na mbele yako ardhi inaporomoka kuelekea bonde la Ruvuma. Kuna asubuhi unafungua mlango, mwembe wa jirani huuoni. Wingu limepanda ukingo limelala juu ya mji, maji yanadondoka kwenye bati wakati mvua haijanyesha. Saa hiyo hiyo Mtwara mjini jua linawaka, bahari imetulia, na uwanjani hali ya hewa inasomeka safi.

Rubani anaitwa Newala. Anaangalia nje, kweupe, anaruka. Akifika usawa wa Tandahimba ardhi chini yake inazidi kupanda, wingu juu yake linazidi kushuka, nafasi ya katikati inapungua. Hakuna mahali ambapo hewa inabadilika ghafla ikamwambia geuka. Kila dakika inafanana na iliyotangulia, ila ni mbaya kidogo zaidi. Na kule mbele kuna mgonjwa anasubiri. Marubani wengi waliokufa kwenye kazi hii walikufa hivyo: waliruka wakiona, wakaingia kwenye wingu bila kukusudia.

Ukishaingia, mwili wenyewe unakudanganya. Ndani ya sikio kuna vimirija vyenye majimaji vinavyotuambia kama tumesimama wima au tumeinama. Helikopta ikigeuka taratibu, majimaji yale yanatulia na wewe unahisi unakwenda moja kwa moja. Ukiinyoosha, unahisi umeinama upande wa pili, unarudi kulekule kwenye hatari. Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1954 kilifanya jaribio na marubani 20 wa ndege za kawaida ambao hawakuwa wamefundishwa kuruka kwa kutegemea vipimo vilivyo mbele ya rubani tu, bila kuona nje. Walifunikwa wasione nje. Wote 20 walipoteza udhibiti wa ndege, kwa wastani baada ya sekunde 178. Na ndege ya mabawa ukiiachia usukani inajituliza kidogo. Helikopta ndogo isiyo na mtambo wa kuisaidia haina subira hiyo.

Dawa yake ipo: rubani mwenye mafunzo ya kuruka kwa vipimo na anayeyarudia mara kwa mara, mtambo wa kuishikilia helikopta isipinduke, miwani ya kuonea usiku, ikiwezekana marubani wawili. Vyote ni gharama, na bajeti ikibana ndivyo vya kwanza kukatwa, kwa kuwa havionekani kwenye picha ya uzinduzi.

Dada wa Zamu

Mimi ni nesi, nimesindikiza wagonjwa kwa gari kwenda hospitali ya Ndanda na ya Ligula, kwa hiyo niongee kama mtu ambaye ningepanda hiyo helikopta.

Gari la wagonjwa likifika mtoni maji yamejaa, dereva anasimama. Tunashuka na tochi, tunaangalia, tunauliza wenyeji. Tukiona haiwezekani tunarudi au tunasubiri. Humo ndani mtungi wa oksijeni unasoma unapungua, mama analia, ndugu wanamwambia dereva "pita tu, wewe una moyo gani?" Kila mtu anayempigia simu anataka kujua umefika wapi. Dereva mzuri ni yule anayeweza kunyamaza na kukataa. Nimefanya kazi na mmoja wa aina hiyo, namheshimu mpaka leo.

Sasa swali langu kwa mleta mada: huko angani nani anamlinda rubani na ile "pita tu"? Maana hospitalini tunajua kushinikiza, na tunafanya hivyo kwa mapenzi mema kabisa.

Mwana Shangani

Dada, umegusa kiini cha uzi wangu.

Wenzetu waliozika watu wengi wamejifunza mambo mawili, na hakuna hata moja linalohitaji mtambo. La kwanza, rubani haambiwi mgonjwa ni nani. Anapewa mahali pa kwenda, uzito, saa. Haambiwi ni mtoto, haambiwi damu inatoka. Anaulizwa kitu kimoja: hewa na chombo vinaruhusu kwenda na kurudi? Akishajibu ndipo wahudumu wanaendelea na mambo ya mgonjwa. Ukimwambia kuna mtoto wa miaka 4, hatapima tena hali ya hewa, atapima moyo wake.

La pili, wote wanaopanda lazima wakubali, na mmoja akikataa safari imekufa. Nesi akisema sijisikii vizuri na lile wingu, hakuna kuulizwa una ushahidi gani, hakuna kuandikiwa barua kesho yake. Rubani ana uzoefu, lakini macho ya watu watatu yanaona zaidi.

Na kuna mtego mwingine. Januari 2019, jimbo la Ohio, hospitali ilitaka mgonjwa ahamishwe alfajiri kabla ya kupambazuka. Kampuni ya kwanza ikakataa kwa ajili ya hali ya hewa. Ya pili ikakataa. Ikapigiwa ya tatu, ikakubali. Helikopta ikakutana na theluji njiani ikaanguka msituni karibu na kijiji cha Zaleski, akafa rubani na wahudumu 2. Wachunguzi hawakuishia kwa rubani, waliitaja menejimenti ya kampuni kwa kutosimamia usalama. Hapa kwetu hilo linaweza kutokea kwa simu moja tu: rubani wa zamu kakataa, mkubwa fulani anampigia rubani mwingine aliyeko Dar. Kanuni iandikwe kwamba aliyeulizwa wa pili ni lazima aambiwe kuna mwenzake amekataa na kwa nini.

Liwale Kwetu

Nimesoma yote, na kuna jambo linaniuma. Nyie wa Mtwara mjini mna lami, mna hospitali ya rufaa ya kanda pale Mitengo. Huku kwetu masika barabara ya kwenda Nachingwea lori linalala siku mbili kwenye tope. Mke wa ndugu yangu alijifungua njiani, mtoto hakuishi. Ilikuwa usiku wa manane. Ukiniambia helikopta isiruke usiku, unaniambia mimi wa Liwale sina changu humo.

Mwana Shangani

Pole sana ndugu yangu. Pole kwa familia yote. Sitakujibu kwa haraka, kwa hiyo univumilie nikiandika kirefu.

Kwanza umbali. Kutoka Mtwara hadi Liwale kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 250. Helikopta ndogo inatumia zaidi ya saa moja kwenda, na kurudi vivyo hivyo. Ikifika kwenu lazima ijaze mafuta au iwe imebeba ya kutosha kurudi na akiba juu yake. Nani atatunza mafuta ya ndege Liwale, kwenye mapipa gani, nani atayapima kama hayajaingia maji? Nimejaza mafuta helikopta, najua kwamba kabla ya kuanza unachota kidogo kwenye chombo cha kioo, unainua kwenye mwanga, unatafuta tone la maji chini. Mtu akiruka hatua hiyo kwa kuwa mgonjwa anasubiri, injini inaweza kuzimika angani. Agosti 2011 huko Mosby, Missouri, helikopta iliishiwa mafuta karibu kabisa na uwanja iliokuwa inaenda kujaza. Rubani alishagundua alipomchukua mgonjwa kwamba mafuta ni machache, akaona yatafika. Wakafa wote 4, mgonjwa akiwemo.

Pili, Liwale kuna uwanja mdogo wa ndege. Ndege ya mabawa inakwenda kasi zaidi, inakwenda mbali zaidi, na mgonjwa anaweza kupelekwa Muhimbili bila kupitia Mtwara. Madaktari wanaoruka wa shirika la afya la AMREF walioanza 1957 kazi yao kubwa wameifanya kwa ndege za namna hiyo, kwenye viwanja vya udongo. Ningekuwa mbunge wako ningedai uwanja ule ufyekwe, usawazishwe, upitike masika, kabla sijataja helikopta. Helikopta ina mahali pake: visiwa vya Kilwa bahari ikichafuka, vijiji vilivyozingirwa na maji, daraja likiondoka. Hapo hakuna kingine kinachoweza kushindana nayo.

Tatu, usiku. London ina helikopta ya wagonjwa tangu 1989, na giza likiingia madaktari wake wanatumia magari. Ujerumani walianza 1970 na vituo vyao vingi hadi sasa vinaruka mchana tu. Hao wana taa kila kona. Usiku wa Liwale bila mwezi hauna taa moja chini ya kumwonyesha rubani ardhi iko wapi.

Mwalimu Mtama

Swali dogo. Viongozi wakisema helikopta itatua uwanja wa shule, na sisi tumezungukwa na mikorosho na madarasa ya bati, inakuwaje? Watoto wetu wakisikia helikopta ya kampeni tu wanakimbia wote kuifuata.

Mwana Shangani

Mwalimu, swali lako si dogo. Ajali za kutua na kuruka kwenye viwanja visivyoandaliwa ni sura nzima peke yake.

Upepo wa pangaboi unang'oa bati lililolegea na kulirusha. Kiangazi, uwanja wetu wa mchanga mwekundu unageuka wingu la vumbi wakati rubani amebakiza mita chache kugusa chini, na hapo haoni tena ardhi, kwa hiyo uwanja umwagiwe maji mapema kama yapo. Nguzo na nyaya za umeme hazionekani kutoka juu, zinamezwa na rangi ya msitu. Mtu aliye chini ndiye wa kumwambia rubani ziko upande gani. Eneo liwe wazi angalau mita 30 kwa 30, halina miti, halina magoli, halina kamba ya kufungia mbuzi.

Watu ndio kazi kubwa. Kule uwanjani tulikuwa hatumruhusu mtu kusogea mpaka rubani amtazame na kumpa ishara, na unakwenda kwa mbele, pale anapokuona. Nyuma ni marufuku. Pangaboi dogo la mkiani likizunguka kwa kasi halionekani kabisa, unaona hewa tu, na liko kwenye usawa wa kichwa. Uwanja ukiwa na mteremko, usishuke ukitokea upande wa juu, maana pangaboi kubwa linakuwa karibu zaidi na kichwa chako. Kofia, kanga, shuka la mgonjwa, godoro jepesi, vyote vishikwe au viachwe. Nimeona kipande cha nailoni kikipaa kutoka chini na kila mtu uwanjani akashika pumzi hadi kilipoangukia pembeni.

Kwa hiyo kila kata ichague uwanja mmoja, upimwe, na watu wachache wafundishwe: mgambo, mwalimu, mhudumu wa zahanati. Wajulikane kwa majina, na simu zao ziwepo kwa anayeongoza safari. Na wawe na mamlaka ya kumwambia rubani "usitue, watoto wameingia".

Kijana wa Chikongola

Naanza kukuelewa mkuu. Ila naogopa haya masharti yote yatakuwa kisingizio cha kutotuletea kabisa. Watasema kusini hamjajiandaa, mwaka wa kumi huo.

Mwana Shangani

Hofu yako ni ya haki, tumeshasubirishwa mengi. Ndiyo maana nataka tudai vyote kwa pamoja: kifaa cha kupima hali ya hewa Newala na Liwale kinachosomwa na Mamlaka ya Hali ya Hewa saa zote, viwanja, kanuni ya kukataa, rubani aliyefunzwa. Hata helikopta ikichelewa, hivyo vinne vitatumika na ndege za kawaida kesho asubuhi.

Liwale Kwetu

Mchana nakubaliana nawe. Uwanja wa ndege nakubaliana nawe zaidi. Lakini usiku hujanijibu. Mama akianza kutoka damu saa nane usiku, wewe unasema asubiri?

Mwana Shangani

Kwa helikopta, jibu la usiku wa Liwale sina, na nisingependa mtu aje kukuuzia. Anaweza kukufanya umzike mgonjwa wako na manesi juu yake. Kwa usiku ule tupiganie namba ya M-Mama, ile ya usafiri wa dharura wa wajawazito, 115, iwe na gari na dereva wa kijamii aliye karibu kweli, na hospitali yenu ya wilaya iwe na damu kwenye jokofu, umeme usiokatika na mtu wa kufanya upasuaji aliye zamu. Mama azuiwe damu palepale. Akihitaji kwenda mbele, hali yake inakuwa imetulizwa, na kukipambazuka, hewa ikiruhusu, ndege inaweza kuwa njiani.

Dada wa Zamu

Naongezea kwa upande wa wodini: isisubiriwe kupambazuka ndipo simu ipigwe. Mpigieni rubani usiku uleule mmpe mahali na uzito tu, aangalie hewa ya alfajiri mapema, na mgonjwa awe na njia mbili za dripu na mkojo umewekewa mpira kabla hajafika uwanjani. Ndani ya helikopta sitaweza kusikia pumzi ya mgonjwa kifuani kwa kipimo wala kupenya kuchoma sindano mpya.